Pikipiki Inapogoma Alfajiri ya Baridi: Yaliyonipata na Namna ya Kuiwasha

Umenizoea nikikuandikia habari za kupe, chanjo ya mdondo na malisho ya kiangazi. Leo naomba tuongee kuhusu pikipiki. Tangu Juni iingie nimepokea simu na ujumbe kutoka kwa wafugaji, vijana wa bodaboda, hata maafisa ugani wenzangu, na wote wanauliza jambo moja: "Mchana inawaka vizuri, asubuhi inagoma. Nifanyeje?" Swali hilo nimelijibu mara nyingi kwa simu, sasa nimeona niliandike. Tena nina sababu yangu binafsi ya kuliandika, nitaisimulia hapa chini.

Kwanza tuelewane kuhusu baridi yenyewe. Wenzetu wa Makete na Njombe, wanaoamka na kukuta barafu kwenye majani, watatucheka tukisema Tabora kuna baridi. Lakini ipo. Mji wetu uko juu ya uwanda wa mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti anga huwa halina mawingu. Mchana jua linachoma, usiku joto lote la ardhi linapanda juu na kutokomea. Ukipita kwenye mbuga alfajiri utaona mwenyewe: mlimani hewa ni ya kawaida, ukishuka bondeni ni kama umeingia kwenye maji, vidole vinakufa ganzi kwenye usukani. Ile hewa nzito ya baridi hutiririka usiku kucha na kutuama sehemu za chini.

Eneo langu la kazi ni upande wa mashariki, Wilaya ya Uyui, ile njia ya kuelekea Tura. Hiyo ndiyo njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo. Mimi mwenyewe nimeifuata bila kukusudia: nilisoma stashahada yangu ya mifugo Mpwapwa, ambako misafara ilikuwa ikipumzika kabla ya kuingia Ugogo na pori la Mgunda Mkali, kisha nikapangiwa kazi huku. Wapagazi waliondoka kambini alfajiri ili wawahi kufika kabla jua halijawa kali. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora hii, mwaka 1857, aliandika namna ilivyokuwa shida kuwatoa wapagazi kwenye moto waliokuwa wakiota asubuhi. Kila nikipita na pikipiki iliyogoma chini ya miembe mikubwa ya njia ile huwa nawakumbuka. Tofauti ni kwamba mpagazi akiota moto kidogo alinyanyuka na mzigo wake. Pikipiki haibembelezwi hivyo.

Sasa nikusimulie kisa changu.

Ilikuwa Julai, miaka kadhaa iliyopita. Saa kumi na nusu alfajiri simu iliita. Alikuwa kijana wa mama mmoja mjane, mfugaji wa kijiji kilicho kilomita ishirini na kitu kutoka ninapoishi. Mtamba wao alikuwa anazaa kwa mara ya kwanza, chupa ilipasuka tangu saa nane usiku, miguu miwili ya ndama imechungulia na haisogei. "Bwana daktari, mama anasema njoo haraka." Sisi maafisa mifugo huku vijijini tunaitwa madaktari, uwe na shahada usiwe nayo. Mtamba huyo nilimfahamu vizuri, maana mbegu iliyomtia mimba niliipandikiza mimi. Ilikuwa mbegu ya dume kubwa kwa mtamba mdogo wa kienyeji. Hilo ni kosa la kwanza, nitaliandikia makala yake siku nyingine.

Nilivaa, nikachukua kamba, glavu na sabuni, nikaisukuma pikipiki nje. Nikabonyeza selfu. Ikatoa mlio mmoja mfupi, "kta", ikanyamaza. Betri ilikuwa imeonyesha dalili za kuchoka wiki mbili nzima, nami kila siku nilikuwa nikisema nitaishughulikia. Nikaingia kwenye kiki. Nikavuta choki yote, nikapiga kiki, na kila nilipopiga nilizungusha resi mpaka mwisho nikidhani naisaidia. Kiki kumi. Ishirini. Nikapumzika, nikavuta tena resi mara tano sita, nikarudia. Harufu ya petroli ilijaa uani. Jasho lilinitoka katika baridi ile mpaka shati likaganda mgongoni. Simu iliita mara ya pili, sikuipokea kwa sababu sikuwa na la kusema.

Mwisho akatoka jirani yangu, kijana wa bodaboda, kajitanda shuka. Akainama, akanusa, akasema, "Daktari, hapa hamna baridi. Umeinywesha." Akafungua plagi kwa spana yake. Ilikuwa imelowa chapachapa. Akaifuta kwa kitambaa, akafunga koki ya mafuta, akarudisha choki chini, akapiga kiki kadhaa tundu la plagi likiwa wazi ili mafuta yaliyojaa yatoke, akarudisha plagi. Kiki ya tatu ikawaka, ikatoa moshi mweusi, ikatulia. Hakutumia zaidi ya dakika kumi. Mimi nilikuwa nimetumia saa nzima na nusu kuiharibu.

Nilifika kwa yule mama saa moja na nusu. Ndama alikuwa amekufa. Tulimvuta kwa kamba, mtamba akapona kwa shida, akakaa siku mbili bila kusimama. Yule mama alinikaribisha uji, akaniambia, "Mwanangu, njia zetu ni mbaya, tunajua." Sikuwa na ujasiri wa kumwambia siku ile kwamba njia ilikuwa nzuri kabisa. Nilimwambia mwezi uliofuata.

Siku ile ndiyo ilinifanya nianze kujifunza pikipiki kama nilivyojifunza ng'ombe. Jambo kubwa nililoligundua ni hili: injini nzima, yenye plagi safi, betri yenye nguvu na petroli halali, haishindwi na baridi ya Tabora. Injini kama hizo zinawashwa kila siku kwenye nchi zenye baridi mara kumi ya yetu. Ikigoma huku kwetu, kuna ugonjwa ambao joto la mchana linauficha na baridi ya asubuhi inautoa hadharani. Kwa hiyo usiishie kuuliza "baridi ikizidi nifanyeje". Tafuta pikipiki yako inaumwa nini.

Tuanze na petroli. Petroli ikiwa maji maji haiwaki ndani ya injini, mpaka igeuke mvuke na kuchanganyika na hewa. Kukiwa na joto inageuka upesi. Kukiwa na baridi sehemu kubwa inabaki matone na kugandamana kwenye kuta za njia yake, na mvuke unaofika kwenye plagi ni mdogo mno. Ndiyo maana pikipiki ya kabureta ina choki: inaongeza mafuta kulingana na hewa ili angalau mvuke utoshe kushika moto. Kwenye pikipiki nyingine choki iko kwenye usukani mkono wa kushoto, kwenye nyingine ni kijiti ubavuni mwa kabureta. Kama hujui ya kwako iko wapi, kaitafute leo mchana. Alfajiri ya dharura si wakati wa kuanza kuitafuta kwa tochi ya simu.

Namna ya kuiwasha ni hii. Hakikisha koki ya mafuta iko wazi na gia iko nutro. Swichi ikiwa bado imezimwa, piga kiki mbili au tatu taratibu. Hapo unaamsha oili iliyolala chini na kuvuta mafuta kidogo kwenda mbele. Kisha vuta choki yote, washa swichi, piga kiki moja ya nguvu au bonyeza selfu. Resi usiiguse kabisa. Hapa ndipo wengi tunapokosea, na ndipo nilipomwulia mama yule ndama wake. Choki nyingi za pikipiki ndogo hufanya kazi kwa nguvu ya mfyonzo wa injini, na mfyonzo huo unakuwepo resi ikiwa imefungwa. Ukiifungua, choki inapoteza nguvu yake. Tena kuna kabureta ambazo kila ukizungusha resi zinarusha mafuta mengine ndani, basi unazidi kuimwagia injini ambayo tayari haina uwezo wa kuyachoma.

Ikiwaka, iache inguruma yenyewe nusu dakika hivi, rudisha choki nusu, kisha irudishe yote injini inapokuwa imetulia. Usipige resi za kelele kuipasha moto. Oili bado haijafika kila mahali na unasaga vyuma vikavu. Baada ya dakika moja ondoka polepole, itapata joto njiani. Wala usiisahau choki ikiwa imevutwa. Nimeona kijana akitoka Tabora hadi kijijini na choki juu, analalamika pikipiki inakula mafuta na haina nguvu. Petroli inayozidi huosha oili kwenye kuta za silinda, na plagi inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Plagi ya injini yenye afya ina rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa.

Kama pikipiki yako ni ya kisasa isiyo na kabureta, haina choki ya kuvuta. Washa swichi, subiri sekunde mbili usikie pampu ikinguruma na kunyamaza, kisha washa bila kugusa resi.

Na kama umeshainywesha kama mimi? Acha kupiga kiki. Nusa, harufu kali ya petroli ndiyo dalili yenyewe. Rudisha choki, funga koki, sasa ndipo ufungue resi mpaka mwisho na kupiga kiki saba au nane ili hewa iingie na kufukuza mafuta. Mara nyingi itashika hapo hapo. Isiposhika, fungua plagi, ifute na kuikausha, piga kiki chache swichi ikiwa imezimwa na tundu liko wazi, rudisha plagi, anza upya bila choki. Usikaushe plagi kwa kiberiti karibu na tangi. Nimeona mtu akifanya hivyo, nikasogea mbali.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo kwa huku kwetu naliona ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni petroli ya chupa. Vijiji vingi havina kituo cha mafuta, tunanunua kando ya barabara kwenye chupa za maji. Mwuzaji anajitafutia riziki na sina ugomvi naye. Lakini petroli ni mchanganyiko wa vitu vyepesi na vizito, na vile vyepesi ndivyo vinavyogeuka mvuke kwanza, ndivyo vinavyowasha injini kwenye baridi. Chupa ikikaa juani siku nne na kifuniko kilicholegea, vyepesi vinapaa na wewe unanunua mabaki. Mchana injini ikiwa ya moto itayachoma. Alfajiri haiyataki.

Baya zaidi ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi kwenye baridi, kwa hiyo kiasi kidogo tu kinatosha kukufanya upige kiki mpaka goti liume. Tatizo hili lilikuwa kubwa nchini kiasi kwamba EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchakachua kusiwe na faida. Hali ilibadilika sana kwenye vituo. Chupa ya kando ya barabara, hata hivyo, hakuna anayeipima. Ushauri wangu: jaza tangi kituoni ukienda mjini, na petroli ya chupa iwe ya kukufikisha tu. Ukilazimika kuinunua, mimina kidogo kwenye kiganja. Petroli safi inapaa upesi na kuacha mkono mkavu wenye ubaridi. Ukibaki na utelezi wa mafuta, achana nayo. Nawa mkono, na usifanye jaribio hilo karibu na moto au sigara.

Oili nayo ina sehemu yake. Kwenye kopo utaona namba kama 20W-50 au 10W-40. Namba ya kwanza, yenye herufi W, inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi: kadiri ilivyo ndogo ndivyo inavyokuwa nyepesi asubuhi. Ya pili ni uzito wake injini ikishapata joto. Wapo wanaoweka oili yenye namba moja tu, kama SAE 40, kwa sababu ni ya bei nafuu au kwa sababu fundi kasema "nzito inalinda". Hiyo asubuhi ni kama asali ya Sikonge mwezi Julai. Kiki inakuwa nzito na selfu inazunguka kwa uvivu. Fuata kitabu cha pikipiki yako, na tafuta kopo lililoandikwa JASO MA. Oili nyingine za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki, inayolowa ndani ya oili hiyo hiyo, huanza kuteleza.

Betri nitasema kifupi, ingawa ndiyo iliyonianzishia balaa. Baridi inapunguza nguvu yake, na iliyochoka hufa kwanza asubuhi. Mpe fundi mwenye mita aipime ikiwa imepumzika: betri nzima ya volti 12 husoma 12.6 hivi au zaidi, ikiwa chini ya 12.2 anza kujipanga. Ya kuongeza maji iongezewe maji ya betri, siyo ya kisima wala tindikali. Selfu usiishike zaidi ya sekunde tano, iache ipumzike. Na ujue aina ya pikipiki yako. Baadhi moto wa plagi unategemea betri, na hizo betri ikikata kabisa hata kiki haina msaada. Ikiwa imepungua tu, isukume: gia ya pili, shika klachi, kimbia nayo, ruka juu na uachie klachi kwa ghafla. Ukiwa peke yako tafuta mteremko, ambao kwa uwanda wetu huu si jambo la kila mahali.

Naomba unisikilize kwa makini hapa. Wengi wetu tunalaza pikipiki sebuleni kwa kuogopa wezi, mimi pia. Asubuhi kuna baridi, mtu anaiwasha humo humo ndani ili ipate moto akiwa anakunywa chai, mlango umefungwa, watoto wamelala chumba cha pili. Moshi wa injini una gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu wala rangi, inachukua nafasi ya hewa safi kwenye damu, na mtu aliyelala anaweza asiamke. Choki ikiwa imevutwa gesi hiyo huwa nyingi zaidi. Isukume nje kwanza, kila siku, hata kama kuna mvua. Na kama mafuta yanavuja kwenye kabureta, usiilaze chumba kimoja na jiko la mkaa. Funga koki usiku.

Wale wenye bustani mabondeni mnaonipigia kuhusu pampu za petroli za kumwagilia, haya yote yanawahusu ninyi pia. Choki ni ile ile, plagi ni ile ile, na kamba ya kuvutia ina mipaka yake. Vuta mara mbili tatu na choki. Ikikohoa tu mara moja, rudisha choki nusu ndipo uvute tena. Pampu nyingi zinazoletwa kwangu zikidaiwa ni mbovu zimelowa tu. Nyingine zimekaa na petroli ya msimu uliopita ndani ya kabureta. Imwageni yote kabla hamjaanza kulaumu mashine.

Yule mtamba sasa ni ng'ombe mzima. Baada ya kisa kile alikaa muda mrefu bila kushika mimba, kisha akazaa salama kwa dume la kienyeji. Ana mimba nyingine, na kwa hesabu yangu atazaa katikati ya mwezi huu. Mama yule ana namba yangu ya simu, na nimempa pia namba ya jirani yangu wa bodaboda. Betri niliibadilisha. Jioni nikirudi nafunga koki, naangalia tangi, halafu nailaza pikipiki sebuleni ikiwa imeelekea mlangoni, kamba na glavu zikiwa zimefungwa tayari kwenye keria.